Moyo wa Mezani

Kifua cha mgonjwa kilikuwa wazi tangu saa nne na dakika kumi asubuhi, na ndani yake hamkuwa na moyo. Damu ilizungushwa na mashine iliyosimama pembeni ya kitanda. Kwenye sinia ya chuma ulikaa moyo mpya, mweusi, wa ukubwa wa ngumi, nao haukujua lolote. Daktari alikuwa amekunja mikono. Wauguzi walikuwa wamekunja mikono. Chumba kizima cha upasuaji kilikuwa kikimsubiri Mfumaji.

Mfumaji hakuwa mtu. Alikuwa mtambo uliojaza ghorofa nzima ya chini ya Taasisi ya Mapigo, katika Jiji la Mkomazi, jiji la vioo lililoota kwenye tambarare chini ya milima ya Upareni. Alipewa habari za mgonjwa: umri, uzito, uzito wa damu, mwinuko wa mahali anapoishi. Kutokana na hizo aliufumia moyo programu yake yenyewe, ambayo hakuna mtu mwingine duniani angekuwa nayo. Maamuzi yote yalifanywa hapo, kabla moyo haujaingia kifuani. Moyo wenyewe haukuwaza kitu. Kwa kuwa haukuwaza, haukula umeme, na betri ndogo kama punje ya hindi ikatosha miaka thelathini. Matangazo ya Taasisi yaliuita Moyo Usio na Mawazo, na watu waliipenda sifa hiyo, kana kwamba ni jambo la kheri.

Dakika nne zikapita. Taa ya kijani ikawaka. Daktari akaunyanyua moyo kutoka kwenye sinia, nao ukaanza kupiga mkononi mwake.

Nyuma ya kioo, wageni waliokuja kujifunza kutoka miji mingine walipiga makofi. Injinia Nakiete Mshana, mwanamke wa miaka arobaini na saba, fundi mkuu wa violezo, aliyekuwa amewaleta, hakupiga. Alikuwa ameyaona hayo mara mia tisa na ushee, na siku hizi kila taa ya kijani ilimtia kinyaa, kama mtu anayejua jinsi jikoni palivyo na bado analazimika kukaribisha watu mezani.

Maana yeye alijua kilichomo. Fundi wa nguo ana karatasi za mkato, hii ya suruali, hii ya gauni; anakupima kiuno, anaipanua au kuipunguza karatasi, anakata. Kiolezo ni karatasi hiyo, na hakina ubaya wowote. Ubaya ulianza pale mafundi wa Taasisi walipotunga violezo vya kuzaa violezo, na vingine vya kuchagua kati ya hivyo vilivyozaliwa, na vingine vya kuhesabu ni vingapi vimechaguliwa, kila mmoja akitaka kumwonyesha mwenzake jinsi alivyo mjanja. Baada ya miaka kumi na miwili hapakuwa na binadamu aliyeweza kuusoma mfumo ule mwanzo hadi mwisho. Walichoweza ni kuongeza kiraka na kumwomba Mungu.

Na Mfumaji alipokwama, hakusema amekwama wapi. Alimwaga mistari elfu tisa, elfu kumi, jina la kiolezo ndani ya kiolezo ndani ya kiolezo, mabano juu ya mabano, na mahali fulani katikati neno moja lenye maana. Mafundi waliyaita matapishi, na hawakukosea. Mtu aliyapekua siku mbili akitafuta lile neno, kama mzazi anayetafuta pete iliyomezwa na mtoto.

Saa ya mkononi ya Nakiete ikatetemeka. Ujumbe ulitoka Wodi ya Tatu: *Mgonjwa ameanguka mlimani. Moyo umekaguliwa, hauna kasoro. Tafadhali saini barua.*

Barua yenyewe aliijua. Ilikuwa na maneno yaleyale siku zote: moyo unafanya kazi kama ulivyofumwa, mgonjwa ameutumikisha kupita maelekezo. Kwa kawaida aliisaini palepale alipo, kwa kidole, akaendelea na shughuli zake. Lakini mgeni mmoja alikuwa ameanza kumuuliza kama Mfumaji anaweza kuota ndoto, na Nakiete akaona afadhali aende wodini kwa miguu. Asisifiwe kwa hilo. Alikuwa anawakimbia wageni tu.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka sitini na miwili aitwaye Naelijwa, mkulima wa tangawizi kutoka Mamba, kule juu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amejifunga kanga, bandeji juu ya jicho, viatu miguuni tayari kwa safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kuniruhusu?"

"Hapana, mama. Mimi ni injinia. Nimekuja kuutazama moyo."

"Haya, utazame. Una kiburi moyo wenu huu."

"Kiburi?"

"Haushtuki. Nikilala, hivyohivyo. Nikipanda mlima, hivyohivyo. Juzi nyoka amenipitia kwenye matuta. Miguu imekimbia, mikono imetupa jembe, moyo umetulia tu kama mgeni anayesubiri chakula."

Nakiete alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akamshika mkono, akahesabu: sitini na sita kwa dakika. Akamwomba wapande ngazi pamoja, ghorofa mbili tu. Walipofika juu mama alikuwa anahema mdomo wazi, kucha zake zimeingia rangi ya majivu. Nakiete akahesabu tena. Sitini na sita.

"Ndivyo huwa?" akauliza.

"Ndivyo huwa. Mlima mimi naupanda, moyo haupandi." Mama Naelijwa alijikalisha kwenye ngazi. "Ila Jumatatu lazima niwe juu. Tunaanza kuvuna, mlima mzima. Tangawizi haingoji mtu."

"Ukipanda hivi, utaanguka tena."

"Najua. Mume wangu naye alikuwa na moyo wenu, na ndivyo alivyoanguka, mwaka jana, palepale kwenye kona ya juu. Tofauti yake hakuamka." Alishusha pumzi. "Siku ile aliniambia, mama, leo nimechoka. Nikamwambia, Eliamini, acha uvivu, wenzako wameshafika shambani. Basi. Ikaja barua yenu inasema alijitumikisha kupita maelekezo. Shemeji zangu wakaisoma mbele za watu siku ya kumaliza matanga. Tangu hapo wananiita mwanamke aliyemsukuma mumewe."

Nakiete alikaa ngazi moja chini yake.

"Na siwezi kusema barua ni ya uongo," mama aliendelea. "Imesainiwa N. Mshana. Nikasema, huyu ni mtu wetu kabisa, mtoto wa Upareni. Hawezi kutuandikia uongo."

Nakiete alikuwa amejitambulisha kwa cheo tu. Alimsaidia mama kushuka ngazi taratibu, akamwambia muuguzi asimruhusu atoke, na akaenda mezani kwake bila kuisaini barua.

Wakaguzi wa Taasisi walikuwa na desturi ya kutazama mwisho wa kazi tu. Moyo umefumwa? Umefumwa. Kuna makosa? Hakuna. Basi. Nakiete alifungua kitu ambacho hakuna aliyekifungua kwa miaka, yaani orodha ya violezo ambavyo Mfumaji alivijaribu kabla ya kupata kinachomfaa Mama Naelijwa. *Kiolezo cha Mwinuko: kimerukwa. Kiolezo cha Mfanyakazi wa Mikono: kimerukwa. Kiolezo cha Mzee wa Mlimani: kimerukwa.* Akashuka nayo. Kimerukwa, kimerukwa, kimerukwa, mara arobaini na saba. Mstari wa mwisho ulisema: *Kiolezo cha Yeyote: kimekubali.*

Hapa inabidi tueleze sheria moja ya Mfumaji, sheria ambayo mafundi waliipenda kuliko zote. Kiolezo kikijaribiwa kwa mgonjwa na kisimkae, Mfumaji hahesabu kuwa ni kosa. Anakiruka kimya, anajaribu kinachofuata. Sheria hiyo ina akili, kwa sababu huwezi kupiga kelele eti gauni halimtoshi mwanamume. Ila ni lazima kuwe na mahali pa kusimama. Violezo vyote vikishindwa, Mfumaji anapaswa kukwama na kutapika, ili binadamu aje aone.

Miaka kumi na miwili nyuma alitapika kweli, kifua cha mgonjwa kikiwa wazi, na mafundi wakapekua dakika hamsini huku daktari akiwatukana kwenye kipaza sauti. Mgonjwa alipona. Lakini mkurugenzi, Injinia Mzirai, aliapa kwamba hataki kuona matapishi tena ndani ya chumba cha upasuaji. Kikawekwa kiolezo cha mwisho, kisichouliza umri, wala uzito, wala mwinuko. Kinamkubali yeyote. Na ndani ya Yeyote mtu fulani, kwa haraka, alikopi programu ya ule moyo wa majaribio uliokuwa ukipiga juu ya meza ya karakana, ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mapigo sitini na sita kwa dakika, daima dumu. Walikubaliana wataibadilisha wiki ijayo.

Mama Naelijwa alikuwa anatembea na moyo wa mezani.

Nakiete alitafuta kwa nini alirukwa mara arobaini na saba. Haikumchukua muda. Katika fomu yake, penye swali *Unaishi mwinuko gani?*, muuguzi wa mapokezi alikuwa ameandika: *mita 640, mita 1720.* Namba mbili. Kila kiolezo cha Taasisi kilitarajia namba moja, kikapewa mbili, kikarukwa.

Muuguzi aliyetoka mbali angeandika moja yakaisha. Huyu alikuwa mwenyeji na mkweli. Upareni watu wana nyumba mbili tangu enzi, ya tambarare na ya mlimani, majiko mawili, mashamba mawili, na ukimuuliza mtu anaishi wapi atakujibu kote kuwili bila kuona ajabu. Bibi yake Nakiete mwenyewe alikuwa na majiko mawili. Nakiete amekulia kwenye yote mawili, amekula makande ya juu na wali wa chini, na alipokaa kuandika kiolezo cha mwinuko, msomi, mwenye cheti chake ukutani, aliandika namba moja.

Lakini alikuwa na Mlinzi. Hilo lilimpa pumzi kidogo. Siku ile Yeyote alipowekwa, Nakiete peke yake alipinga, na aliposhindwa aliweka sharti: ataandika mstari wa ulinzi, utakaousimamisha ufumaji wowote usiokuwa na mwinuko sahihi na kutoa ukelele mmoja, kwa Kiswahili, usiohitaji kupekuliwa. Aliuita Mlinzi. Aliujaribu mbele ya Mzirai kwa mgonjwa wa kubuni anayeishi mita elfu tisa, na Mfumaji akasimama palepale akaandika: SIMAMA, MWINUKO HUU SI WA BINADAMU. Wakapeana mikono. Kwa miaka yote hiyo, aliposaini barua, alijiambia kwamba kama kungekuwa na shida Mlinzi angeshalia.

Sasa mbona hakulia?

Akaenda kumtafuta. Akamkuta mahali alipomweka kwa mkono wake, ndani ya Kiolezo cha Mwinuko, kwa sababu ulinzi ulihusu mwinuko, na wakati ule ilionekana ndipo kwao.

Alikaa akiutazama mstari ule. Kiolezo kilichorukwa hakifunguliwi. Mfumaji hatazami kilichomo ndani yake hata kidogo. Kwake ni kama hakijaandikwa. Mgonjwa mwenye namba mbaya aliingia ndani, akamkuta Mlinzi, akapigiwa kelele. Mgonjwa mwenye namba mbili hakuingia kabisa. Mlinzi alikuwa amefungiwa chumbani, na mwizi alipita barazani miaka kumi na miwili.

 Kwa muda mrefu Nakiete alikuwa amewachukia wenzake, ujanja wao, viraka vyao, makofi ya wageni wao. Chuki hiyo ilikuwa na raha yake, maana ilimweka yeye upande safi. Sasa aliangalia mstari wake mwenyewe, umeandikwa kwa nidhamu, umepangwa vizuri, una jina lake na tarehe, na aliuona ndio mchafu kuliko yote. Kiraka cha mtu mvivu angalau hakimwambii mtu alale usingizi.

Alimuuliza Mfumaji swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: ni watu wangapi wamefumwa kwa Kiolezo cha Yeyote?

Thelathini na mmoja. Wote wana namba mbili. Wote ni wa mlimani. Saba wameshafariki, na kwa kila mmoja wa wale saba kulikuwa na barua moja, maneno yaleyale, sahihi ileile.

Injinia Mzirai alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, anayezungumza taratibu na kunyoosha mikono ya shati anapofikiri, na hajawahi kumpandishia mtu sauti. Nakiete angependa apandishe.

"Ni jambo zito," Mzirai alisema. "Lazima tulishughulikie. Tutawaandikia hao ishirini na wanne waje, mmoja mmoja, ndani ya miezi mitatu. Tutasema ni maboresho."

"Jumatatu wanapanda kuvuna, mkurugenzi. Leo ni Alhamisi."

"Tukisema ni kosa, wagonjwa wetu wote mia tisa wataogopa mioyo yao. Umefikiria hilo? Mtu akiuogopa moyo wake anaweza kufa kwa hofu tu."

"Kwa mioyo yetu hawezi. Haishtuki."

Mzirai hakutabasamu. "Na kosa lenyewe liko wapi, Nakiete? Fungua kumbukumbu. Mfumaji hajaripoti kosa hata moja."

"Tumemfundisha kunyamaza, halafu tunamwita awe shahidi?"

Mzirai alinyoosha mkono wa shati, wa kulia, kisha wa kushoto. "Nitakwambia kitu kama kaka yako. Yeyote hana jina la mtu. Aliyekopi programu ile ya mezani hajulikani, wala hatajulikana. Lakini Mlinzi ana jina. Jambo hili likitoka nje, watu watauliza nani alisema kuna ulinzi, nani alisaini barua. Jina litakuwa moja tu. Mimi sitaki yakukute hayo."

"Najua jina lililopo," Nakiete alisema. "Tangu saa tano linaninuka."

"Basi tufanye kwa busara."

"Busara ndiyo iliyotufikisha hapa, kaka Mzirai. Hakuna mjinga aliyehusika."

Alitoka akaenda ghorofa ya chini. Alikuwa na mamlaka ya kugusa violezo, na hakuomba ruhusa ya pili. Alimfuta Yeyote. Mistari kumi na miwili tu, iliondoka kwa sekunde moja. Kisha akamtoa Mlinzi ndani ya chumba chake, akamfundisha kutambua namba mbili, akamweka mlangoni, kabla ya violezo vyote, mahali ambapo hapana mgonjwa atakayepita bila kuonekana. Halafu akamwambia Mfumaji ajaribu kuwafumia wagonjwa watatu wa kesho, ambao vifua vyao bado vilikuwa vimefungwa na walikuwa vyumbani wanatazama televisheni.

Wawili walifumwa. Kwa wa tatu, Mfumaji alisimama na kuandika kwa Kiswahili: SIMAMA, MGONJWA HUYU ANA MIINUKO MIWILI. Kisha, kwa vile hapakuwa na Yeyote wa kumficha, akatapika mistari elfu kumi na moja. Matapishi yalijaza kioo cha ukutani, yakaendelea kushuka. Mafundi vijana walisimama kutoka vitini mwao wakitazamana. Mmoja akauliza kama aite mkurugenzi.

"Mwite," Nakiete alisema. "Na upasuaji wa huyo wa tatu uahirishwe. Mwambieni sababu yenyewe."

Alikaa chini akawapigia simu wale ishirini na watatu waliobaki ukimtoa Mama Naelijwa, mwenyewe. Wa kwanza, mzee mwenye sauti ya furaha, alimwambia atashuka baada ya mavuno, injinia asijali. Nakiete akaona kwamba maneno laini hayatamshusha mtu kutoka mlimani wiki ya tangawizi. Kuanzia hapo alimwambia kila mmoja vilevile: "Moyo ulio nao haukufumwa kwa ajili yako. Ni wa majaribio. Umeshaua watu saba. Shuka leo, tutaubadilishia programu bila kukupasua, ni dakika nne." Wengine walilia. Mmoja alimtukana tusi ambalo Nakiete hakuwa amelisikia tangu utotoni, na aliliona limetulia mahali pake. Wote walisema wanashuka.

Kilichobaki kilikuwa kuandika kiolezo kipya, na safari hii hakutia ujanja. Aliandika moyo unaopima wenyewe hewa na damu, kila pigo, na kuamua palepale kifuani uende kasi gani. Moyo unaowaza. Betri yake isingefika miaka thelathini. Ingefika ishirini na miwili, labda. Mafundi vijana walimwangalia akiandika jambo rahisi hivyo kama wanaomtazama profesa akihesabu kwa vidole. Mistari yote ilienea kwenye kioo kimoja, na ukiisoma unaielewa.

Saa kumi alasiri alirudi Wodi ya Tatu na kitambaa cha sumaku mkononi. Alikiweka juu ya kifua cha Mama Naelijwa, juu ya kanga, akaunganisha waya. Pembeni ya kitanda kioo kidogo kilionyesha mapigo. Sitini na sita. Dakika nne zikapita, mama amefumba macho. Namba ikatetemeka, ikashuka hadi sitini na moja, ikapanda sitini na tatu, ikashuka tena.

"Mh," mama akasema, akifumbua macho. "Umeamka."

"Umeamka, mama. Sasa ukipanda, nao utapanda na wewe."

"Mlikuwa mmeufanya nini?"

Hapo Nakiete angeweza kusema ni maboresho, na mama angemshukuru, angeenda zake kuvuna. Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakakaribiana.

"Mama, moyo uliokuwa nao haukuwa wako. Ulikuwa wa kujaribia mezani. Ulipiga vilevile ukilala na ukipanda, kwa sababu haukuandikiwa kitu kingine. Tulikupa bila kujua, kwa sababu tulijipangia tusijue." Akamtazama usoni. "Na Mzee Eliamini alikuwa na huohuo."

Mama Naelijwa hakusogea. Kwenye kioo namba ikawa sabini na nne.

"Siku ile aliposema amechoka..."

"Alikuwa amechoka kweli, mama. Damu haikumfikia. Hakuna mtu angeweza kupanda na moyo ule, kwa kusukumwa wala kwa hiari yake. Hukumwua. Hata yeye hakujitumikisha. Barua ilikuwa ya uongo."

Themanini na mbili. Themanini na tisa.

"N. Mshana alisaini," mama alisema polepole.

"Mimi ndiye N. Mshana. Nakiete. Niliisaini nikiwa nimekaa kitini. Sikuja kumwona, wala sikuifungua programu ya moyo wake."

Mia moja na mbili. Muuguzi alitazama kutoka mlangoni, akaona namba, akaanza kuja. Nakiete akamnyooshea kiganja abaki alipo. Mama Naelijwa alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka bila sauti yakashuka chini ya bandeji, na moyo ulikwenda nayo, mia na tano, mia na nane, unapanda kama unavyotakiwa.

"Nilimwita mvivu," alisema. "Neno la mwisho alilolisikia kwangu."

 Hakuna kiolezo cha neno kama hilo.

Mama alijifuta uso kwa upindo wa kanga, upande mmoja, kisha wa pili, akaukunja vizuri juu ya magoti.

"Barua yako ilisomwa mbele za watu," alisema. "Shemeji zangu wote wapo, watoto wapo, mchungaji yupo. Jumatatu watakuwa shambani, mlima mzima."

"Nitaandika nyingine leo hii, mama. Nitaituma kwa..."

"Sitaki ya kutumwa. Utaileta na utaisoma mwenyewe, kwa mdomo wako. Na usije na gari, lile linaloishia juu. Uanzie huku chini kwa miguu, upite ile kona."

"Nitapita."

"Toka chini hadi juu ni mita elfu moja na themanini," Mama Naelijwa alisema. "Jumatatu tutoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua."

Nakiete alichomoa waya, akakunja kitambaa. Kwenye kioo namba ilikuwa imeanza kushuka, taratibu, kwa kusitasita. Akamuuliza muuguzi kama kuna mtu wa kumwazima viatu vya kupandia mlima.